Madam Aliyeogopa Kimya

Ukimpigia simu Madam, hakusema haloo. Alisema, "Nani amekufa?" Nilimpigia kwa miaka mingi, mara kumwambia nyanya zimeshuka bei, mara kumuuliza kama umeme umerudi upande wake, na kila mara ilibidi nianze kwa kuapa kwamba hakuna aliyekufa. Siku moja nilichoka nikamtania, nikasema leo sikwambii. Akakata simu. Nilipofika kwake mbio mbio kumwomba radhi nilimkuta amekaa kitandani, amevaa viatu na khanga mbili, tayari kwa msiba ambao hakujua ni wa nani.

Sasa yeye mwenyewe hayupo. Mpwa wake aliponipigia, kabla hajafungua kinywa nikajikuta nimesema, "Nani amekufa?" na yule kijana akaanza kulia. Nimemlilia Madam kama nitakavyomlilia mama yangu, na nikimaliza kulia hukumbuka vituko vyake nikacheka peke yangu. Basi wacha niandike kabla sijaanza kumsahau.

Wote tulimwita Madam, hata muuza mkaa, hata mchungaji wake wa kanisani. Alitufundisha fizikia sekondari, akastaafu, akajenga nyumba ndogo Mikumi, nyuma kidogo ya barabara kuu. Mimi nilirudi mikononi mwake nikiwa mtu mzima, fundi wa sola, mwanamke ninayepanda mapaa ya watu na kushuka salama. Nilijidhania nimehitimu.

Sijapata kuona mtu mwoga kama yule. Lori likisikika kwa mbali, Madam havuki barabara. Likipita, anasubiri la pili, kwa sababu huenda linalifuata la kwanza. Wauza maduka wa ng'ambo walimzoea, wakimwona amesimama ukingoni na kikapu walikuwa wanamvukia wao na sukari yake. Tembo walipoanza kuingia mashambani, alifunga kamba kuzunguka uwanja wake akaning'iniza makopo ya maziwa, na upepo ukivuma tu makopo yakilia, Madam alikuwa tayari uvunguni. Wingu likijikusanya upande wa milima, alichomoa antena, akachomoa redio, akachomoa na friji ambayo haikuwa imewashwa. Na umeme! Alitufundisha umeme miaka yote ile, lakini kubadilisha taa alizima mita, akasimama juu ya kipande cha mbao, akavaa ndala, akaniita mimi nibadilishe.

"Madam, unaogopa kitu ulichokisomea?"

"Wewe huogopi kwa sababu hukukisoma," alinijibu. Na alikuwa na msemo wake wa darasani ambao tuliubeba mpaka nje ya shule: aliyetulia hajaelewa swali. Ukimaliza mtihani mapema ukakunja mikono, alikuja kukusimamia kichwani mpaka ukaanza kutetemeka na wewe.

Tulimcheka sana. Mara nyingi alitutoa maabara kwa sababu amesikia harufu, na harufu yenyewe ilikuwa maharage ya jikoni yameungua. Mwalimu mkuu alimwita ofisini akamwambia anawafundisha watoto woga. Madam akasema ndiyo, mwalimu, hilo liko kwenye somo langu. Hatukujua kama alitania. Uso wake haukuwa unatania.

Lakini ufundishaji wake! Sakafu ya maabara ilikuwa ya saruji nyekundu. Alichora saketi nzima kwa chaki sakafuni, betri mlangoni, taa dirishani, swichi chini ya meza yake. Halafu tukawa umeme. Kila mmoja alipewa punje za maharage betrini, tukatembea juu ya mistari, tukifika kwenye rezista, kile kizuizi cha umeme, tunatoa punje, tukifika kwenye taa tunatoa punje, na lazima urudi betrini mikono mitupu. Ukikanyaga mstari wa mwenzako alipiga kelele, "Umeungua! Kaa chini!" Ukikwama njiani hujui pa kwenda alikuuliza kwa upole, "Sasa utarudije nyumbani, mwanangu?" Wengi wetu tumesahau fomula zote, ila ukituamsha usingizini tutakwambia kwamba umeme usio na njia ya kurudi haufanyi kazi.

Kilichonirudisha kwake ni mama yangu, na mama yangu ndiye habari yenyewe. Anakaa Kilosa, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, kati ya reli na mto Mkondoa. Mto ule siku nyingi za mwaka unavuka ukiwa umekunja suruali tu. Tatizo ni kwamba mvua yake hainyeshi Kilosa. Inanyesha huko juu, mbali, na nyinyi chini mmeanika mahindi juani, hamna habari. Maji yamewahi kuja hivyo, zaidi ya mara moja, na kila yanapokuja yanachukua watu wa bondeni kwanza. Nilimwomba mama ahame. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa hasira, nikamletea na shehe. Akasema nyumba haijamkosea kitu.

Kwa hiyo kila masika mimi nilikuwa mgonjwa. Sikuwa nalala vizuri, sikuwa nakula vizuri. Niko juu ya paa la mtu Mikumi, jua linawaka, mkono umeshika bisibisi, na moyo uko Kilosa unasikiliza mto. Simu huko bondeni hukata hasa ukiihitaji. Nikawaza: kama ningeweka kitu kule juu ya mto, kwa binamu yangu anayelima kando ya reli ya zamani, kitu ambacho kikiona maji yamepanda kinamwambia mama kwa redio, bila kutegemea mtandao wa mtu yeyote. Na mwenye redio niliyemjua mimi duniani alikuwa mmoja.

Maana Madam, yule mwoga, alikuwa mtu wa redio ya ridhaa. Ni watu wanaozungumza na wenzao wa nchi za mbali kwa mashine zao wenyewe, bila kulipwa, kwa kupenda tu. Alikuwa na leseni ameitia kwenye fremu ukutani, pembeni ya picha ya harusi ya dada yake. Watu wa ughaibuni walimfahamu kwa mlio wa redio yake. Aliogopa mbwa wa jirani, lakini na mtu wa upande wa pili wa dunia alizungumza kila Jumamosi.

Nilikwenda kwake na kipande cha karatasi nilichochora usiku wa jana yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaitwaa karatasi.

"Ni nini hiki?"

"Redio ya kutuma, Madam. Maji yakipanda, dumu linaelea, linabonyeza swichi, redio inapiga kelele. Mama anasikia, anaondoka."

Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama yako anakaa Kilosa? Chini kule?"

"Ndiyo."

Akasema hajafika Kilosa tangu alipohamishwa kikazi, na kwamba hapiti hata akienda Dumila. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Halafu akasema nitengeneze bodi mimi mwenyewe, si waya za kuning'inia kama matumbo ya kuku, bodi kamili yenye njia za shaba, ili isikatike kwa kutikiswa. "Nitakuonyesha. Sitakugusia."

Waya nilikuwa nazijua, bodi sikuijua. Kwa asiyejua kama mimi wakati ule: ni kibao chembamba kilichopakwa shaba upande mmoja. Unachora njia unazozitaka, unazikinga, unakitia kwenye dawa inayokula shaba, na kilichobaki ni njia zako. Vifaa vinakaa juu, miguu yao inapenya matundu, unailehemu chini. Nilichora kwenye kompyuta ya stesheneri, kwa programu ya bure, yule mwenye stesheneri akinung'unika kwamba wateja wake wa vyeti vya kuzaliwa wanasubiri. Programu ilikuwa na kitufe cha kujichorea yenyewe. Nikakibonyeza, njia zikajipanga zenyewe kwa sekunde chache, zikapendeza, nikampelekea Madam kwa majivuno.

"Nani kachora?"

"Kompyuta."

"Kompyuta ina mama Kilosa?"

Nilirudi nikachora upya kwa mkono, njia moja moja. Nilichukua wiki nzima, nikikosana na mwenye stesheneri kila siku. Nilipomaliza sikujivuna, nilikuwa nimechoka tu. Madam akachukua majivu jikoni, akaenda uwanjani, akaichora bodi yangu chini, kubwa kama ukumbi. Akaniambia nilale chali pale penye chipu, ile inayopanga milio.

"Nilale, Madam? Majirani wanaona."

"Lala. Wewe ni chipu. Mkono wako wa kulia ndio unaopokea umeme. Njia ya betri imefika wapi?"

Nikageuza kichwa. Njia ya majivu ilikuwa imefika kwenye mkono wangu wa kushoto. Nikajigeuza kifudifudi, ikawa kulia, sawasawa kabisa. Nikaelewa nikiwa na majivu puani. Njia nilizichora kama mtu anayetazama bodi kutoka chini, penye shaba. Miguu ya chipu nilikuwa nimeihesabu kama mtu anayeitazama kutoka juu. Ningeiwasha, chipu ingeungua hapo hapo, au mbaya zaidi, ingekaa kama inafanya kazi. Mama wa jirani alichungulia juu ya ua akauliza kama naumwa. Madam akamjibu kwamba niko sawa, nimekosea tu.

Hilo la kugeuza halikuniudhi, kila anayeanza hulifanya. Lililonikasirisha ni la pili. Nilikuwa nimesahihisha, nimeshanunua dawa na kibao, nipo tayari, Madam akaiweka karatasi mezani akaanza kuniuliza kama polisi.

"Maji yakipanda, inafanyaje?"

"Inapiga kelele."

"Betri ikifa?"

"Haipigi."

"Panya akitafuna waya?"

"Haipigi."

"Mtu akiiba sola yako?"

"Haipigi."

"Kwa hiyo mama yako atakaa pale asikie kimya. Kimya kwa sababu ni salama, au kimya kwa sababu mashine imekufa? Yeye atajuaje?" Alikuwa ameinua sauti, na Madam hakuwa mtu wa kuinua sauti. "Umetengeneza kitu cha kumtuliza mama yako. Sitaki mtu atulizwe!"

Alitaka nigeuze mambo yote. Mashine ilie muda wote wa salama, mlio mfupi kila baada ya muda, niko, niko, niko. Maji yakipanda, dumu likielea, livute waya wa betri likate. Panya akikata, kimya. Betri ikifa, kimya. Na kimya chochote kiwe sababu ya kuogopa na kuondoka. Nilimwambia hakuna mwanadamu anayeweza kuishi na mlio namna hiyo ndani ya nyumba. Nilimwambia mama yangu ni mtu, si yeye. Nilisema hivyo kweli. Akakunja karatasi yangu vizuri akanirudishia, akaenda kuteka maji. Nilikaa nyumbani siku kadhaa nimenuna, halafu usiku mmoja upepo ukaangusha sufuria nje nikaruka kitandani, nikajua kwamba Madam amesema kweli. Nikachora mara ya tatu.

Bodi tuliipika jikoni kwake. Mwenye stesheneri alinichapia mchoro kwenye karatasi ya kung'aa ya kalenda ya mwaka uliopita, nyuma yake kuna mheshimiwa anatabasamu. Tukaulaza mchoro juu ya shaba, tukapiga pasi ya mkaa mpaka wino ukahamia. Madam aliifuata pasi kwa macho akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Dawa ilipoanza kula shaba kwenye beseni alitutoa wote nje, mimi na paka, kwa sababu ya mvuke. Nilipoinua kile kibao, nikakisuuza, njia zangu zikabaki ziking'aa, nilitaka kupiga vigelegele. Yeye alichukua lenzi, akatembeza kucha juu ya kila njia, polepole, kutoka betri mpaka kurudi betri, midomo ikicheza. Alikuwa anatembea kama zamani, na maharage yake.

Tulilehemu, ikalia. Mlio mwembamba, wa kinyonge. Kwangu ulikuwa kama sauti ya mtoto. Madam akaizima mara moja, kwa sababu ruhusa tuliyoomba ya kurusha mawimbi haijafika, na aliamini watu wa mamlaka wameegesha gari nyuma ya nyumba. Tulisubiri barua ya ruhusa. Kila siku alinitaka nimhakikishie kwamba sijabonyeza kitufe. Barua ilipokuja aliisoma akiwa amekaa chini, kama vile inaweza kumwangusha.

Nisije nikamwacha Madam hapo, mtu akafikiri alikuwa kichekesho tu. Mwaka ule ule, kabla hatujapeleka mashine Kilosa, tembo waliingia kweli. Mchana kweupe, jike na ndama wake, kwenye mahindi ya jirani. Watu wote tulikimbilia ndani tukafunga milango. Bibi wa yule jirani, kipofu, alikuwa amesahauliwa nje kwenye mkeka, anachambua mchicha, anauliza mbona kimya. Nilikuwa dirishani kwa Madam nikaona mlango wake unafunguka. Alitoka. Alikuwa anajisemea kitu. Akavuka uwanja, akamshika bibi mkono, akamwongoza mpaka ndani, mchicha umemwagika njiani, jike amewageukia anawatazama. Alipofunga mlango alikaa sakafuni akatapika. Baadaye nikamuuliza hofu aliiacha wapi.

"Sikuiacha popote," alisema. "Nilikwenda nayo."

Mbwa vivyo hivyo. Aliwaogopa mpaka kutokwa jasho, na kila jioni aliwarushia makombo kupitia dirishani, akifunga dirisha haraka kabla hawajasema asante.

Mashine tuliiweka juu ya mto, kwa binamu yangu. Ya kupokea ilikuwa kwa mama, juu ya kabati, na nyingine kwa Madam Mikumi. Hatukumwomba asikilize, yeye mwenyewe alisema. Alikuwa anasikia mlio wangu kutwa, akipika, akisoma Biblia. Mama yangu naye, wiki ya kwanza alinipigia kulalamika kuku hawatagi. Wiki ya pili alikifunika kitambaa. Baada ya hapo akasema amekizoea, na nikamkumbusha kwa herufi kubwa: kikinyamaza, unaondoka. Akasema sawa, sawa, kama mtu anayefukuza nzi.

Siku ninayotaka kuisimulia, nilikuwa Mvumi, ile ya huku Kilosa, juu ya paa la zahanati, hakuna mtandao. Jua kali. Niliposhuka alasiri na kutembea mpaka penye mnara, simu ikatetemeka mfululizo. Madam alikuwa amenipigia mara nyingi sana. Halafu ujumbe: "Kimya tangu asubuhi. Nimempigia mama yako anacheka anasema jua linawaka. Naenda mwenyewe."

Nikampigia mama, hapatikani. Nikampigia Madam, hapatikani. Binamu yangu, hapatikani. Nilimpata kijana wa bodaboda nikamwambia Kilosa, kimbia, na njia nzima nilikuwa nasema maneno ambayo sikumbuki, yule kijana akadhani nazungumza na simu. Nilikuwa namwona mama kitandani. Nilikuwa namwona Madam kwenye pikipiki, yeye ambaye hajawahi kupanda pikipiki maisha yake, anapita Masanze kwenye vumbi amefumba macho, anaelekea mji alioukwepa miaka yote. Nikasema nimewaua wote wawili kwa kibao cha shaba.

Nilipofika karibu na reli watu walikuwa wamesimama juu ya tuta, wengine wanalia, wengine wanapiga picha. Nyumba ya mama ilikuwa pale, maji ya udongo yamefika madirishani, mlango wa jikoni umeng'oka unaelea ukizunguka mti wa mpapai. Niliita. Nilitaka kushuka, watu wakanishika mikono. Sijui nilipiga kelele kwa muda gani. Halafu mwanamke mmoja anayeuza mandazi akaja kunitazama usoni.

"Wewe si wa yule mama wa kuku? Nimemwona mchana. Amepanda kule shuleni na mama mmoja mgeni, analia njia nzima."

Niliwakuta kwenye baraza la shule ya msingi, mlimani. Madam amejifunika kitenge cha mama, mdomo umekauka, anatetemeka bado. Mama yangu amekaa pembeni yake, amekasirika, ameshika jogoo kwapani. Nilimkumbatia mama na jogoo wake pamoja.

"Usinililie, sijafa," mama alisema. "Mwulize rafiki yako."

Kisha akanieleza mwenyewe, maana mama haachi kueleza. Madam alifika adhuhuri, amejaa vumbi, akamwamkia vizuri, akakaribishwa. Mama akamwonyesha anga, hakuna hata wingu. Akamwonyesha mto, uko chini. Madam hakubisha. Alisema, "Mama, mimi naogopa sana. Nitakaa hapa na wewe." Akakaa. Mama akapika wali na kuku. Mgeni akashindwa kula, kijiko kinagonga sahani, machozi yanamtoka. Mama akamwambia basi nenda kapumzike penye nafuu. Madam akasema hawezi kutembea peke yake, mji haujui tena, amsindikize.

"Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje?" mama aliniuliza kwa ukali. "Mgeni amekuja kwako kutoka Mikumi, hajala, analia, anakwambia nisindikize. Unamwacha mlangoni?"

Basi mama akafunga mlango, akamkamata jogoo wa zawadi, kwa sababu mgeni haondoki kwake mikono mitupu, akamsindikiza. Akafika kwenye kona anapoachia wageni wote siku zote, akataka kuaga. Madam akasema bado kidogo. Wakavuka reli. Bado kidogo. Wakaanza mlima, mama analalamika magoti, Madam amemshika mkono haachii.

"Tukiwa pale kwenye mawe," mama alisema, na hapo sauti yake ikapungua, "nikasikia mngurumo. Nikamwambia, unasikia, hiyo ni treni ya mizigo tu. Mwenzangu akakaa chini njiani. Akasema, 'Hivyo hivyo ndivyo nilivyomwambia mimi.'"

Madam hakuinua kichwa. Alisema taratibu, kama anayesoma ubaoni, kwamba alipokuwa mwalimu mpya hapa Kilosa walipanga chumba bondeni, yeye na mwalimu mwenzake. Mwenzake alikuwa mwoga. Usiku mmoja aliamka, akamtikisa, akasema nasikia kitu. "Nikamwambia lala, ni treni. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kulala. Mimi maji yalinitupa juu ya tuta. Yeye hawakumpata."

Huko chini watu walikuwa bado wanaitana. Mama aliacha kulalamika. Alimpakata jogoo vizuri, halafu akausogeza mkono wake wa pili, akaushika ule wa Madam.

Nilipiga magoti mbele yake nikasema, "Pole, Madam." Sikuwa na neno lingine. Alinitazama, macho mekundu, vumbi limeganda mashavuni.

"Pole ya nini tena, mwanangu," alisema. "Leo nimewahi."